TAHADHARI: Anayewauzia watu "vibali" vya kubomoa na kujenga Shela na Amu ni tapeli

Ndugu zangu wa kisiwa chetu cha Lamu: Shela, Amu (mji wa Lamu wenyewe), Matondoni, Kipungani, na nyote mlio Mombasa na Uarabuni mnaotuma pesa za kujenga nyumbani. Kuna mtu anazunguka na faili la buluu, anasema yeye ndiye anayewatolea watu vibali vya kubomoa nyumba ya zamani na kuinua mpya mahali pale pale. Msimpe hata shilingi. Kama mmeshampa, msiguse ukuta. Jina lake sitalitaja hapa kwa kuwa jambo liko kituoni na nimekatazwa, lakini anayetaka kujua anitafute pembeni, nitamwambia jina, na nambari za simu nitampa.

Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Mama yangu hapiti tena njia ya msikitini kwa sababu kila mlango anaulizwa "nyumba imefika wapi?" Mwanamke aliyeheshimika mtaa mzima leo anazunguka kwa nyuma ili asiulizwe. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Nyumba mnaijua. Hali iliyokuwa nayo baada ya ile mvua sina haja ya kueleza, wengi wenu mlikuja kutusaidia kutoa vitu. Familia ilikaa, ami zangu wote wakakubali, hata yule ambaye hakubaligi kitu. Tukasema tubomoe, tujenge kwa kiasi kile kile, mama apate chumba cha chini asipande ngazi. Kilichobaki kilikuwa kibali, na tulijua si kibali cha mchezo. Sisi tuko upande wa michangani. Vile vilima vya mchanga vya Shela vimewekwa chini ya hifadhi kwa sababu maji matamu ya Amu yako chini yake: mvua inazama, mchanga unachuja, visima vinapata. Mji wa kale wenyewe uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Haya hatukuyasoma kwa wageni, tumekua nayo. Ndiyo maana tulitaka njia ya halali, na ni kwenye njia hiyo hiyo ya halali ndipo alipotukamatia.

Aliletwa na mtu tunayemheshimu sana, ambaye naye alidanganywa, kwa hiyo tafadhali msianze kumlaumu yeye. Alikuja baada ya alasiri. Mama alikuwa barazani anachagua mchele. Yule bwana alivua viatu mbali, akatoa salamu, akasubiri kuambiwa karibu, na hata alipoambiwa hakuketi. Akamuuliza mama, "Miguu inaendeleaje, mama?" Kumbe alishaulizia habari zetu kabla hajaja, lakini wakati ule tuliona ni mtoto aliyelelewa. Hakutaja pesa. Alitoa utepe wa kupimia, akapima unene wa ukuta, akapima daka, kile kibaraza cha mlangoni, akaingia msana, kile chumba kirefu cha mbele, akapima mpaka dari, akihesabu boriti kwa sauti na kuandika. Alipofika ndani kabisa, kwenye zile zidaka za bibi, vishubaka vya ukutani vilivyonakshiwa, alisimama. Akaweka mkono pale kwenye plasta ya chokaa, akasema, "Mama, hizi msizivunje hovyo. Zipigwe picha kwanza, na zinazotoka zima zitolewe zima, zirudishwe nyumba mpya." Mama akalia. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na niliona machozi. Niambieni, nani anasema maneno hayo akiwa na nia ya wizi?

Halafu akamgeukia fundi wetu. Akamuuliza mnataka kwenda juu kiasi gani. Fundi akasema ghorofa mbili na paa la kukalia. Akakataa pale pale, tena kwa ukali: hapa humpiti jirani urefu, huzibi upepo wa mtu, madirisha hufungui kuelekea uani kwa watu. Akasema anataka kuona mawe ya Manda, chokaa, boriti, na juu makuti. Bati la rangi asilione. Mchanga usichotwe vilimani, uletwe kwa jahazi na risiti yake iwepo. Kila alilosema ndilo ambalo watu wa hifadhi wamekuwa wakituambia miaka yote kwenye mikutano. Mtu anayekuzuia humdhanii mwizi. Mwizi tunayemjua ni yule anayekwambia jenga utakavyo, nitakutengenezea. Huyu alitunyima ghorofa, alitunyima paa, alitunyima bati, na kila alipotunyima ndivyo tulivyozidi kumwamini. Mama akamwekea kahawa na mahamri. Akala mawili, akashukuru.

Akiwa pale pale barazani akampigia mtu simu, akaiweka sauti kubwa. Upande wa pili mtu akasema kwa sauti ya ofisini kabisa, "Ile ya michangani? Naikumbuka. Lete ramani, nitaitazama mwenyewe." Nyuma kulisikika watu wakizungumza na mlio wa mashine ya kuchapisha. Mpaka leo sijui simu ile ilikuwa inapokelewa wapi. Labda chumbani kwa mwenzake.

Pesa ya kwanza ilikuwa elfu thelathini na tano, "ya kufungua faili". Baadaye ikawa laki moja na arobaini, akisema ni ya mipango, ya hifadhi na ya mazingira kwa pamoja, ili tusisumbuliwe kwenda ofisi baada ya ofisi. Nilimuuliza kwa nini tunatuma kwa nambari ya simu ya mtu, na kwa nini jina lililotokea ni la mwanamke. Nataka mjue kwamba nilimuuliza, kwa sababu wapo wanaosema sasa hivi kwamba tulinyamaza. Akanijibu bila kutetereka: mfumo wa malipo umelala tangu wiki iliyopita, huyo ni mhasibu, risiti zitakuja zimebanwa pamoja na kibali. Kaka yangu alikuwa karibu, akasikia, akaridhika. Mwaka huu nani hajaambiwa mfumo umelala?

Halafu likaja lile la siku sitini. Hili nawaomba mlisome vizuri kwa sababu ndilo limewaponza wengi, naamini. Alituambia sheria inasema kaunti isipojibu ombi kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali kinahesabiwa kimetolewa. Na kweli sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 ina kifungu hicho. Nililitafuta mwenyewe kwenye simu, nikalikuta, nikamwonyesha mama. Basi akasema faili letu amelipeleka zamani, siku zimepita, sasa karatasi ni ya kukamilisha tu. Alichukua ukweli akaufunga uongo ndani yake. Siku zile zinahesabiwa kutoka ombi linapopokelewa ofisini, na ombi letu halikuwahi kufika ofisi yoyote. Hakuna daftari lililoliandika. Tena hata kama mipango wangenyamaza, watu wa hifadhi wana sheria yao, ile ya makumbusho na urithi ya 2006, na kimya cha ofisi moja hakifungui mlango wa nyingine.

Karatasi ilikuja. Nzuri. Nembo, muhuri wa duara, nambari ya kumbukumbu, sahihi kwa wino wa kijani, ramani ndogo imeambatishwa na mpaka wa vilima umechorwa kwa kalamu nyekundu, na nyumba yetu nje ya mpaka kidogo tu. Mama aliibusu. Aliiweka ndani ya msahafu. Akamwombea dua mtu yule kwa jina lake na la mamake.

Akatuhimiza tubomoe upesi kabla ya masika, akisema mvua ikianza chokaa haitashika na punda watakuwa hawapatikani. Punda wakaja, vijana wakaja, makuti yakashuka, boriti zikashuka moja moja. Zile zidaka, wallahi, fundi alijitahidi. Zilitoka tatu nzima. Nyingine zilianguka chini zikawa unga.

Ukuta wa mbele ulikuwa umefika kiunoni watu wa ofisi walipokuja. Hawakuja kwa ubaya. Mmoja akasema kwa upole, "Kibali chenu kiko wapi?" Nikaingia nikakitoa ndani ya msahafu. Akakitazama. Akakigeuza. Akamwonyesha mwenzake. Halafu akaniuliza, "Dada, hii mmepewa na nani?" Nikajua. Kabla hajasema chochote nikajua. Akanionyesha kwa kidole: karatasi imeandikwa imetolewa chini ya sheria ya mipango ya 1996. Sheria hiyo ilifutwa na hii ya 2019. Nambari ya kumbukumbu haifanani na zao. Aliyetia sahihi ametajwa kwa cheo ambacho hakipo. Majirani wote wamesimama. Mama amesimama. Na punda wamebeba mawe ya nyumba yetu.

Kazi imesimamishwa. Sheria inasema anayeanza kujenga bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000 au kufungwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili, na anaweza kuamriwa arudishe mahali palivyokuwa. Palivyokuwa! Nani atarudisha ukuta wa mawe uliojengwa na watu ambao makaburi yao hayana hata majina? Yule afisa aliniambia jambo jingine ambalo linaniamsha usiku: nyumba ikiwa bado imesimama, wao wenyewe huja kuipima, wakajua urefu wake, upana wake na kilichomo, na mpya inapimwa kwa hiyo ya zamani. Sasa tunaleta ombi la kujenga upya nyumba ambayo haipo tena, na ushahidi wetu ni picha za simu. Shukrani kwa fundi aliyezipiga.

Mtu huyu afungwe. Sitaki kusikia habari ya kusameheana na kukaa chini na wazee. Wazee tumewakalia. Alikubali kurudisha, akataja siku, akazima simu. Apelekwe mahakamani, na yule wa sauti ya ofisini apelekwe naye, na yule mwenye jina kwenye nambari ya kupokelea pesa aeleze. Ninaomba asiachiwe kwa dhamana akarudi kupanda boti na faili lake. Ninaomba kila mwenye nyumba ya mawe Amu, Siyu, Pate, kokote, amkatalie hata kivuli cha baraza. Aliyeingia ndani kwa mwanamke mzee, akashika ukuta wake kwa huruma ya uongo, akala mkate wake, halafu akamwacha bila paa, huyo si wa kuonewa haya. Na wale mnaoniambia "ni mtoto wa fulani, tusimchafue jina", mama yangu naye ana jina.

Kwa wale ambao bado hamjampa: pesa za kibali zinalipwa kwa kaunti na unapata risiti ya kaunti siku hiyo, si baadaye. Omba muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Nenda mwenyewe afisi ya mipango, halafu nenda kwa watu wa makumbusho, waulize kama faili lako lipo, wanaangalia. Ramani itolewe na mtu aliyesajiliwa, na mkandarasi vivyo hivyo, kuna mamlaka ya kitaifa ya ujenzi inayowasajili wakandarasi. Tazama karatasi imetaja sheria ya mwaka gani. Na mtu akikuharakisha kubomoa, mfukuze.

Kwa walioko nje: najua mnatumiwa picha ya karatasi kwa simu na mnatuma pesa usiku huo huo. Mpeni ndugu aliye hapa aende nayo ofisini kwanza.

Nimesikia ameonekana upande wa Manda akipima kiwanja cha familia fulani, na kwamba kuna watu wawili mtaa wa Langoni wana karatasi kama yetu ukutani, wameitia kwenye fremu. Kama ni wewe, usiichane kwa hasira na usiitie kalamu. Ilete ilivyo, pamoja na ujumbe wa malipo kwenye simu, usiufute. Tumeshapata nambari ya OB, ile ya daftari la matukio kituo cha polisi. Malalamiko ya mtu mmoja wanaita ugomvi wa deni, tukiwa wengi wataita jina lake. Nipo kwa shangazi, nyumba ya nyuma ya madrasa, mnapajua, kila siku baada ya magharibi.