Bustani ya mimea njia ya Kipushi: piteni nyumba ya vioo, mfike hadi nyuma

Bustani hii haina kibao barabarani, na ndiyo maana watu wa Lubumbashi wanaielekeza kwa kusema tu “kule kwenye maua, njia ya Kipushi”. Tulikwenda Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, mimi, mama mkwe wangu na watoto watatu. Tulilipa faranga 5,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto, bei ambayo si mbaya katika mji ambao sehemu nyingi za kutembeza watoto ni baa zenye bembea mbili.

Kinachosifiwa na wote ni nyumba ya vioo, na kweli imejengwa kwa uangalifu. Mtu anaweza kujiuliza nchi ya joto ina haja gani na nyumba ya namna hiyo. Lakini Lubumbashi iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, mvua hukatika kwa miezi mingi, na baridi ya usiku wa Juni na Julai inatosha kuua mmea uliozoea unyevu wa msitu wa ikweta. Ndani tulikuta mkakao wenye matunda yanayoota moja kwa moja kwenye shina, na watoto, ambao walidhani chokoleti huanzia kiwandani, walisimama hapo muda mrefu. Kando yake kuna mvanila, okidi yenye asili ya Mexico ambayo ua lake hufunguka siku moja tu na huchavushwa kwa mkono, kwa ufundi uliobuniwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12. Haya nilimsomea mama mkwe kutoka kwenye simu yangu, kwa maana vibao vya bustani vina majina ya Kilatini peke yake, na nusu yake yamefutika. Dungusi ni wengi na wote wanafanana. Choo hakikuwa na maji.

Nilipouliza kuhusu mlango wa nyuma, mtunzaji alinijibu, “Mama, kule hakuna kitu, ni majani tu.” Tuliingia hata hivyo, na hapo ndipo pesa yetu ilipopata thamani yake. Ni kipande cha msitu wa miombo kilichoachwa kama kilivyokuwa, chenye misuku, mipundu na mibanga, na katikati yake kuna kitalu kilichojazwa udongo uliobebwa kutoka kilima chenye shaba. Katika kitalu hicho huota ua la shaba, Haumaniastrum katangense, mmea mdogo wa jamii ya mrehani ambao hustahimili udongo unaoua mimea mingine, na ambao umewasaidia wachunguzi wa mambo ya kale kutambua mahali wahenga walipoyeyushia shaba. Nimeishi maisha yangu yote katika mji huu uliozaliwa na shaba na sikuwahi kuonyeshwa mmea huo.

Mbele kidogo, penye majimaji, mama mkwe alichuchumaa na kuwaita watoto. Alikuwa ameitambua chikanda kwa maua yake. Watoto wamekula chikanda mara nyingi, iliyopikwa pamoja na karanga na pilipili na kukatwa vipande, lakini hawakujua kwamba inatokana na viazi vidogo vya okidi, na kwamba anayechimba kiazi huondoka na mmea. Nkambo wao, yaani bibi yao, aliwaeleza jinsi zamani ilivyochimbwa karibu na kijiji, na jinsi wachuuzi wa leo wanavyoifuata mbali zaidi kila mwaka, kwani mbegu za okidi haziwezi kuota bila kuvu maalumu wa udongoni, na hivyo kuilima si kazi nyepesi. Nilitazama nyuma kule tulikotoka: okidi ya Mexico ina paa, joto na mtu wa kuimwagilia, na hii yetu ina ua wa miti wenye tundu la kupitisha mbuzi.

Ningewashauri wenye bustani waandike majina ya Kibemba na Kiswahili na waache kumwambia mgeni kwamba nyuma hakuna kitu. Kwa anayetaka kwenda, majira ya mvua ndiyo yanayofaa, kwani wakati wa kiangazi chikanda hujificha ardhini. Tena aende na mzee wake, maana mtunzaji anaijua nyumba ya vioo tu. Watoto wameomba turudi mwezi wa kumi na moja, masuku yakiwa yameiva, na nkambo wao ameshauri tubebe kikapu, jambo ambalo sina hakika kama mtunzaji atalipenda.