HP EliteDesk 800 G3 ya mtumba kwa gemu: inafaa, ila si kama inavyotoka dukani

Kwa anayetafuta kompyuta ya mezani ya bei nafuu hapa Dodoma, hasa mwanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) anayetaka mashine moja ya kazi za darasani mchana na PES, gemu la mpira, usiku, HP EliteDesk 800 G3 yenye umbo dogo (SFF) ni chaguo zuri. Ina bodi imara na inafunguka kirahisi. Ile yenye prosesa ya Core i5-6500 ina viini (cores) vinne vinavyokimbia GHz 3.2 na kupanda hadi 3.6. Tatizo ni kwamba nyingi zikishafika nyumbani zinastaki kwenye gemu, na mnunuzi anaambiwa atafute kadi ya picha. Mara nyingi kadi siyo dawa ya kwanza. Dawa ya kwanza ni kijiti cha pili cha RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi.

Mashine hii ina nafasi nne za RAM, na madukani mara nyingi huwekwa kijiti kimoja cha GB 8. Muuzaji atakwambia GB 8 zinatosha, na kwa Word na YouTube anasema kweli. Kwenye gemu mambo hubadilika, kwa sababu picha zinachorwa na Intel HD Graphics 530 iliyomo ndani ya prosesa. Hiyo haina kumbukumbu yake yenyewe, inakopa kwenye RAM. RAM ya aina ya DDR4 ya 2133, ambayo ndiyo kasi ya juu kwa prosesa hii, inapitisha takriban GB 17 kwa sekunde kwenye chaneli moja (njia ya data kati ya RAM na prosesa). Ukiweka vijiti viwili, kila kimoja kwenye chaneli yake, unapata GB 34. Ndiyo maana GB 4 mbili huchezesha gemu vizuri kuliko GB 8 moja, ingawa jumla ni ileile. GB 8 mbili ni bora zaidi, maana Windows na kivinjari vikishachukua chao, gemu bado linabaki na nafasi ya kutosha.

Kabla hujalipa, iwashe palepale dukani na bonyeza Ctrl+Shift+Esc. Task Manager ikifunguka, nenda sehemu ya kumbukumbu. Utaona ni nafasi ngapi kati ya nne zimejazwa. Hapohapo soma jina kamili la prosesa. Usikubali neno "Core i5" peke yake: kwenye 6500, ile 6 ya mwanzo ndiyo kizazi. Na ukiambiwa mashine ina "kadi ya picha ya GB 4", angalia kumbukumbu maalumu ya kadi, siyo ile ya kushirikiana. Windows hujumlisha na RAM inayoweza kukopwa, na wauzaji wengine huitaja hiyo kama kadi ya kweli.

RAM ya kununua ni ile ndefu ya kompyuta ya mezani. Soma lebo: baada ya namba kama PC4-2400T kuna kistari na herufi. U ni ya mezani, S ni ya laptop na haiingii, R ni ya seva na mashine haitawaka nayo. Kijiti cha 2400 hakina shida, kitashuka chenyewe hadi 2133. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, kisha kandamiza kijiti mpaka vishikizo vijifunge. Ikilia milio bila kuonyesha picha, kijiti hakijakaa sawasawa au meno yake yana uchafu. Yafute kwa kitambaa safi chenye spiriti, acha yakauke, rudisha. Mwisho fungua CPU-Z, programu inayoonyesha vifaa vilivyomo ndani, ingia sehemu ya kumbukumbu. Ikionyesha chaneli moja, hamishia kijiti kimoja nafasi nyingine.

Diski ni jambo fupi. Kama gemu linaganda kila unapoingia eneo jipya la ramani, huku Task Manager ikionyesha diski iko asilimia 100, basi kuna HDD ya zamani, diski ya kuzunguka, ndani. Badili uweke SSD, diski ya kasi isiyozunguka: bodi hii ina nafasi ya M.2 ya SSD aina ya NVMe inayochomekwa moja kwa moja, kwa hiyo hata kebo huhitaji. Angalia tu kama skrubu ndogo ya kuishikilia ipo, maana hupotea mikononi mwa mafundi. GB 240 zitajaa mapema: GTA V peke yake inakula zaidi ya GB 70.

Kuna dalili nyingine ambayo watu wa Dodoma wanapaswa kuijua vizuri kuliko wa mahali pengine. Gemu linaanza vizuri, halafu baada ya dakika kumi au kumi na tano fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zinaporomoka. Hilo ni joto, na chanzo chake ni vumbi. Kiangazi cha hapa ni kirefu, upepo haulali, na mashine hii inavuta hewa kwa mbele. Ikikaa sakafuni kwenye nyumba iliyo kando ya barabara isiyo na lami, mapezi ya kipoozi cha prosesa huziba kabisa. Cheza gemu huku HWiNFO, programu ya kupima joto na kasi, ikiwa wazi. Joto likikaribia nyuzi 100 na kasi ya prosesa ikashuka chini ya GHz 3.2, jibu umelipata. Ipeleke nje, ipulize kwa blowa, na feni uishike kwa kidole isizunguke, kwani kuizungusha kwa upepo mkali huiharibu. Kisha ondoa kipoozi, futa pesti ya zamani ya kupitisha joto iliyokauka, paka mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Inyanyue juu ya meza, na kabla ya joto la Oktoba na Novemba rudia kupuliza.

Hayo yakishakaa sawa, PES 2017 inaserereka, na GTA V inachezeka juu ya fremu 30 kwa 1280×720 na mipangilio ya chini. Kushuka kutoka 1920×1080 kunapunguza zaidi ya nusu ya nukta ambazo prosesa inapaswa kuchora. Kwa Counter-Strike 2, HD 530 haitoshi. Hapo kadi inahitajika kweli.

Kwenye kadi mashine hii ina masharti magumu. Pawa saplai ni ya wati 180, ya umbo la HP wenyewe, na haina waya wa ziada wa kadi. Chukua kadi fupi ya kimo cha chini isiyohitaji waya. GT 1030 hula wati 30 tu, lakini zipo mbili zenye jina lilelile: yenye kumbukumbu ya GDDR5 hupitisha GB 48 kwa sekunde, ya DDR4 haifiki 17. Hiyo ya pili usinunue. Ukiagiza Kariakoo ije kwa basi, omba kwanza picha ya lebo, kwa sababu kurudisha ni usumbufu.

Kasoro mbili za kudumu. Sehemu za kudumu za monita ni DisplayPort, hivyo weka hela ya adapta ya HDMI kama yako haina. Pia Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya kizazi cha 6 haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11.

Anayecheza mtandaoni atenganishe mambo mawili kabla ya kutumia hela. Fungua dirisha la amri, andika ping -t 8.8.8.8, acha likimbie huku unacheza. Namba za milisekunde zikiruka kutoka 60 hadi 400 wakati fremu zimetulia, tatizo ni bando au mtandao, na RAM haitasaidia. Unganisha simu kwa kebo ya USB badala ya hotspot, kisha uangalie namba hizo tena.