Hosteli ya Bagamoyo tuliyofikia na wageni wa Hamburg: nyota tatu, zingekuwa nne bila ile bili

Wadau mlioniuliza kuhusu hosteli tuliyokaa Bagamoyo mwezi wa kumi na kikundi chetu cha vijana, naandika sasa hasira zimeshuka. Jina siliweki hapa, anayelitaka aje inbox. Tulikuwa 23, wetu 14 kutoka Temeke na wageni 9 kutoka Hamburg, siku tano, kazi yenyewe kupanga mradi wa urafiki tukiwa tumekaa pamoja maana miezi minne ya kupanga kwa video ilitushinda, mara umeme, mara bando limekata, mara wenzetu wamebadilisha saa zao, kuna miezi tunawatangulia saa moja na kuna miezi saa mbili, basi kila kikao nusu ya watu hawapo.

Nianze na chakula maana hapo sina neno. Mama mpishi anajua. Maharage ya nazi, samaki wa kupaka, chapati za asubuhi laini mpaka wale watoto wa Kijerumani wakawa wanaficha moja moja kwenye leso. Kasheshe ilikuwa kwa wale watatu wasiokula nyama. Siku ya kwanza nikamuuliza mama, hii mboga ina nyama? Akanijibu, "hamna nyama hapo mwanangu, ni mchuzi wake tu." Tukacheka, tukaelewana, tokea hapo akawa anawatengea sufuria yao ndogo bila kununa. Na la saa ni kosa letu sisi, tuliandika ubaoni chai saa 1:00 na mgeni mmoja akalala fofofo akijua ni saa saba mchana. Ukileta wageni andikeni saa zote mbili, msione aibu.

Sasa vyumba. Tumefika, dada wa mapokezi kashagawa funguo, wageni juu kwenye AC, wetu chini bwenini na feni mbili, moja inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo! Nimeleta watoto wawe marafiki halafu siku ya kwanza tu unawatenga kwa ngazi. Vijana wenyewe wakalimaliza, wakakata vikaratasi wakapiga kura nani alale wapi, na mmoja wa Hamburg aliyeangukia bwenini kesho yake kaamka na alama za mbu mkono mzima, eti anazipiga picha anawatumia wazazi. Nikamwambia we kijana utaniponza.

Kinachoipa hii hosteli nyota zake ni baraza lake chini ya mwembe. Jioni ya pili tulitoka kutembea mjini, Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani, tukaishia pale ufukweni penye mnara unaosema hapa ndipo wakoloni wa Kijerumani walikuwa wakiwanyonga Waafrika waliowapinga. Ikumbukwe Bagamoyo ndio ilikuwa makao yao mpaka 1891 walipohamia Dar. Watoto kimya. Kurudi hosteli binti mmoja wa kwao akatoa simu akatuonyesha picha za sanamu za askari Waafrika wa jeshi la kikoloni la Wajerumani, waswahili wetu kabisa waliochongwa ukutani, zipo Jenfeld huko huko Hamburg, ziliwekwa 1939 kwenye kambi ya jeshi. Wetu hakuna aliyekuwa anajua. Basi yale mambo ya kupaka rangi madarasa na kupanda miti tuliyokuwa tumeyaandika miezi minne yakafia hapo, tukakaa barazani mpaka saa sita usiku, mlinzi badala ya kutufukuza akatuletea taa ya chaji, na mradi ukazaliwa upya: vijana wa pande zote wakusanye habari za sehemu kama hizo Bagamoyo, Dar na Hamburg, wawahoji wazee, watengeneze ziara ya kutembea kwa miguu kwa kila mji. Dar na Hamburg ni miji dada tangu 2010, angalau sasa tuna kitu cha kuongea zaidi ya kupeana fulana.

Haya, bili. Kwenye simu niliambiwa elfu 45 kwa kichwa kwa siku, kulala na milo mitatu, ukumbi bure. Siku ya kuondoka naletewa karatasi, wetu elfu 45, wageni dola 40. Namuuliza dada, ananiambia bila wasiwasi, "kaka, wale si wageni?" Jamani, magofu ya Kaole na makumbusho naelewa mzawa na mgeni hawalipi sawa, unaambiwa mapema mlangoni. Ila sisi tulikuwa na mfuko mmoja na mweka hazina wao ndo amesimama pembeni yangu anaisoma hiyo karatasi. Meneja akaja na bodaboda kutoka kwake, tukavutana lisaa lizima, mwisho akakubali bei moja lakini akachomeka ukumbi elfu 50 kwa siku, ule ule wa bure. Nikalipa, daladala inasubiri.

Tutarudi? Kwa mama mpishi na ule mwembe, ndio, ila safari hii makubaliano yote kwa maandishi, shilingi tupu, na vyumba tunagawa wenyewe. Ofisini walituchapia fomu za ruhusa za wazazi bila kuchaji, nisiwanyime haki yao, na zitatufaa maana mwakani ni zamu yetu kwenda Hamburg, viza ni euro 90 kwa mtu mzima na bima ya safari iwe ya kufidia matibabu yasiyopungua euro 30,000 (hiyo si bei yake), anzeni kudunduliza.

Chandarua njoo nacho. Cha kitanda cha mlangoni bwenini kina tundu linapitisha ngumi.