Kuuzia magauni Facebook ukiwa Busia: nyota tatu

Nashona vitenge mtaa wa Sofia, Busia ya Uganda, mpaka wa Kenya uko hapo tu. Ukurasa wangu wa Facebook niliufungua 2020, wakati wa korona, sisi tusiouza chakula tumefungiwa soko na cherehani imenyamaza. Mafundi wenzangu huniuliza kama inalipa. Leo najibu mara moja.

Wageni inawaleta, hilo silikani. Gauni la kwanza lilikwenda Mbale kwa dada ambaye hatujaonana mpaka leo. Alinitumia vipimo, nikashona, nikampa dereva wa taxi. Kwa kibanda changu hiki cha mbao, angenijulia wapi?

Kazi ni kuingia. Tarehe 12 Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi, serikali iliifunga Facebook, baada ya kampuni hiyo kufuta akaunti ilizosema zina uhusiano na wizara ya habari na zinafanya udanganyifu. Kesho yake jioni intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Intaneti ilirudi, Facebook ikabaki imefungwa, nasi tukajifunza VPN, programu inayoufanya mtandao uone kama uko nchi nyingine. VPN inakula bando, tena inakuhamisha nchi bila pasipoti: mimi nimekaa Sofia natafuta bei za vitenge, naletewa baiskeli na makochi ya Uholanzi kwa yuro!

Sisi wa mpakani tuna dawa yetu, laini ya Kenya. Mtandao wa ng'ambo unafika mpaka kwenye meza yangu ya kukatia, na huko Facebook haijafungwa. Simu yangu ni ya laini mbili, ya Kenya ya kuposti, ya Uganda ya kupokea pesa. Aliyeko Mbarara, mbali na mpaka huu, pole.

WhatsApp haihitaji ujanja huo. Picha kwenye stetasi hukaa saa 24, na wanaoiona ni watu tuliohifadhiana namba, wengi wao wateja wa zamani. Facebook ndiyo inayoniletea mtu, WhatsApp ndiyo inayomrudisha Idi inapokaribia. Ile kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, tuliyoanza kulipa Julai 2018 hata kwa kuchungulia stetasi ya jirani, iliondolewa 2021, ikaja asilimia 12 juu ya bando.

Sasa machungu. Mteja mmoja, sauti ya upole kabisa: "Mama, nimeshatuma, angalia." Ujumbe kweli uliingia, umepokea shilingi 90,000. Boda alikuwa amewasha pikipiki, nikamkabidhi gauni. Jioni naangalia salio, ni shilingi 4,000 zangu za asubuhi. Kumbe ujumbe ulitoka kwenye namba ya mtu wa kawaida, si kampuni ya simu, nami sikuitazama. Siku hizi boda anasubiri mpaka nione salio kwa macho yangu, anune asinune.

Lakini hiyo ni hasara ya kitambaa na siku mbili za kazi. Iliyoniuma ni nyingine. Binti yangu, wakati huo ana miaka 14, ndiye alikuwa anavaa magauni nikimpiga picha. Shangazi yake akaiona picha yake kwenye ukurasa wa mtu tusiyemjua, jina si lake, na chini yake wanaume wazima wanamwomba namba. Tuliripoti, sote nyumbani, simu kwa simu, na picha ikaondolewa. Ngapi zimebaki kwenye simu za watu, sijui. Wiki nzima mtoto hakutaka kwenda shule. Nilifuta picha zake zote, na wateja walipungua kwa muda, maana gauni lililoning'inia kwenye henga halina umbo.

Nyota mbili nilizozikata ni za hapo. Nimenunua sanamu ya dukani, isiyo na kichwa, ndiyo inayovaa sasa. Juzi nimeposti gauni la bluu lenye mikono ya puto, na ujumbe wa kwanza ulitoka Tororo: sanamu ni bei gani?