Kipimo cha naitrojeni ya vijidudu: maabara nzuri, mapokezi yao sasa...

Wakulima wa huku Babati mnaoniuliza inbox kuhusu ile maabara niliyopeleka udongo, naandika hapa mara moja nisirudie rudie. Jina silitaji maana kuna sehemu nitawasema.

Kwanza mjue hiki siyo kile kipimo cha kawaida. Kile kinakupa naitrojeni yote iliyomo kwenye udongo, ambayo nyingi imefungwa ndani ya mboji na mahindi hayaigusi mpaka bakteria na fangasi waitafune kwanza. Hiki kinapima hao vijidudu wana uwezo wa kuachia kiasi gani. Wanapima amonia iliyopo, halafu udongo mwingine wanauzamisha kwenye chupa ya maji iliyojaa hadi juu, wanafunga, joto nyuzi 40 siku 7, wanapima tena na kutoa tofauti. Nikamuuliza dada wa pale, mbona mnauzamisha, shamba langu siyo jaruba la mpunga? Akacheka, akasema bila hewa amonia haigeuki kuwa naitreti (sura nyingine ya naitrojeni ambayo mimea huila) kwa hiyo wanahesabu kitu kimoja tu. Yule dada nyota 5 kabisa.

Sasa mapokezi. Kwenye simu niliambiwa "lete nusu kilo" basi, hakuna la ziada. Nikachimba asubuhi udongo una unyevu, nikatia kwenye mfuko wa nailoni, nikamkabidhi konda Ijumaa, ukapigwa joto kwenye buti ya basi na wikiendi nzima ukalala kaunta. Jumatatu mfuko una jasho ndani. Naitreti iliyokuwa tayari kwenye udongo, ambayo nayo waliipima, ikasoma miligramu 52 kwa kilo, nikashangilia kama mjinga! Kumbe vijidudu vilikuwa vinapiga kazi humo humo mfukoni na hakuna mmea wa kuila. Wiki mbili baadaye nikarudia, safari hii kwenye kuli boksi yenye barafu, ikatoka 19. Shamba lile lile jamani. Na nimelipa elfu 45 mara mbili, hawakunipunguzia hata mia.

Na usidhani kuuanika juani ndo dawa. Udongo ukikauka sana kisha ukapata maji vijidudu vinaamka kwa fujo, naitrojeni inatoka nyingi kwa mpigo. Mtafiti wa udongo, Birch, aliliandika hilo 1958 akiwa Muguga pale Kenya, na mpaka leo wataalamu wanaliita kwa jina lake. Ndo maana wanaopanda kwenye vumbi wanafaidi, mvua za kwanza zikigonga mbegu tayari ipo chini. Kwa hiyo ukipeleka mkavu waambie ni mkavu.

Ripoti yenyewe ni PDF ya ukurasa mmoja, "31 mg/kg", yaani ile tofauti ya amonia, ushauri hakuna. Nikakaa na kalamu. Udongo wa sentimita 15 za juu kwenye hekta ni kama tani 2,000, kwa hiyo 31 inakuwa kilo 60 na kitu, kwa eka kama 25. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Yaani nina mfuko mzima ardhini na chenji inabaki, kwenye karatasi lakini, maana shambani kwangu hakuna nyuzi 40 wala maji ya kudumu, na mabua niliyofukia yana kaboni nyingi, vijidudu vinakwapua naitrojeni vyenyewe kwanza kabla ya kuiachia.

Nikaogopa kuacha urea yote. Nikaweka nusu, mistari 6 nikaipa dozi kamili na 6 nyingine sikuipa kitu. Ile ya bila kitu ilianza njano kwenye majani ya chini, inatokea nchani inafuata mshipa wa kati kama herufi V, huhitaji bwana shamba kukwambia. Nusu na kamili? Nimepima kwa debe, tofauti hata sado haijai. Hela ya vipimo vyote viwili imerudi kwenye urea niliyoacha kununua, nina eka 4.

Nyota 3 na nusu. Nitarudi kabla ya masika, ila naupeleka kwa mkono wangu, Jumatatu asubuhi, na barafu yangu.