Taa ya Ukutani ya Shaba Iliyofuliwa kwa Mkono: Igeuze Kabla ya Kuinunua

Taa ya ukutani ikishafungwa, mgongo wake hauonekani tena mpaka siku ya kuhama au siku ya hitilafu. Kwa sababu hiyo nawashauri wote wanaotaka kununua taa ya shaba ya kazi ya mkono waanze na mgongo, waugeuzie kwenye mwanga wa mchana, na wasisifie uso wake kabla hawajamaliza. Uso hung'arishwa kwa saa moja na kitambaa, lakini mgongo unaeleza unene wa bati, uaminifu wa ulehemu, nafasi ya kuficha nyaya, na kama aliyeitengeneza alifikiria kwamba siku moja umeme utapita ndani yake.

Nilijifunza hayo kwa jozi ya taa nilizonunua kwa ajili ya ujia wa nyumba yetu. Zilikuwa nzuri mno, na nilizibeba mapajani njia nzima. Fundi umeme alipoigeuza ya kwanza barazani alinyamaza, kisha akanionyesha tundu la kupitishia waya: lilikuwa limetobolewa kwa msumari, kingo zake hazikupigwa tupa wala kuvishwa mpira, na zilikuwa kali kama mdomo wa kopo la nyanya. Ganda la waya lilikuwa limekwisha kuchubuka kabla taa haijawashwa hata mara moja, na hapakuwa na mahali popote pa kufungia waya wa ardhi, ule unaoupeleka ardhini umeme uliovuja. Shaba hupitisha umeme vizuri sana. Waya unaoleta umeme ukigusa mwili wa taa kama ile, taa nzima inakuwa na umeme, na mtoto akiishika hakuna kitakachomkinga.

Shaba ninayoizungumzia hapa ni ile ya manjano, mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, ambayo mafundi wengine huiita brasi. Bati linalofaa kufuliwa kwa nyundo huwa na shaba nyekundu kiasi cha asilimia 70 na zinki asilimia 30. Zinki ikifika karibu asilimia 40 bati huwa gumu kwa nyundo ya baridi, na hufaa zaidi kuyeyushwa na kumiminwa au kukatwa kwa mashine. Kwetu pwani madini haya si mageni: Siwa ya Lamu, baragumu la sherehe, ni ya shaba, milango ya Mji Mkongwe wa Unguja ina misumari yake, na kasha la njumu la bibi harusi hupambwa kwa bati lake. Taa ya shaba juu ya ukuta mweupe wa chokaa, katika nyumba ya kisasa isiyo na mapambo mengi, inaingia mahali ambapo macho yetu yamezoea kuiona.

Katika mpangilio wangu, nafasi ya kwanza naipa taa iliyofuliwa kwa nyundo kutoka bati zima na kuachwa bila vanishi. Fundi hukata bati, hulipasha moto hadi liive wekundu hafifu, hulipoza, kisha hulipiga juu ya fuawe. Shaba hukakamaa kila inavyopigwa, kwa hiyo hulirudisha motoni tena na tena mpaka umbo litimie. Kazi hiyo huacha alama zinazosomeka. Pitisha kidole taratibu usoni na utahisi vidimbwi vidogo visivyolingana, kimoja kimepanda juu ya kingine, vikibana karibu na ukingo na kutawanyika katikati. Ukiona vidimbwi vile vile vitatu au vinne vinajirudia kwa mpangilio ule ule kila baada ya sentimita chache, hiyo ni kazi ya mashine, hata kama bei yake ni ya mkono. Vidimbwi hivi vina kazi yake pia: kila kimoja hurudisha mwanga upande wake, na taa yenye umbo la sahani au la nusu mwezi, balbu ikiwa imefichwa nyuma, huumwagia ukuta mwanga laini usiochoma macho. Kwa sebule na ujia sijaona kinachoishinda.

Kuhusu unene, usikubali chini ya milimita 0.8 kwa taa ya ukubwa wa kawaida, na milimita 1 ni salama zaidi. Huhitaji kipimo maalumu, mizani ya jikoni inatosha. Bati la shaba la sentimita 20 kwa 30 lenye unene wa milimita 1 lina uzito wa takriban nusu kilo, ilhali alumini ya vipimo hivyo hivyo haifiki hata gramu 200. Taa kubwa inayopaa mkononi kama sinia la plastiki si shaba, au ni shaba iliyokondeshwa mpaka ukingo wake utapinda siku ya kwanza ya kufuta vumbi.

Nafasi ya pili ni ya taa za kusubu, yaani zile ambazo shaba huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki hutumia shaba chakavu kama mabomba ya maji, kufuli kuukuu na vipuri vilivyochakaa, na mjini Nairobi kazi ya kuigeuza shaba ya namna hiyo kuwa mapambo inajulikana sana. Napenda kazi hii, kwa kuwa mkono wa taa uliosubiwa ni imara kuliko wa bati lililokunjwa, na huweza kubeba kifuniko kizito cha kioo bila kulegea. Nimeiweka ya pili kwa sababu mbili. Kwanza, shaba chakavu hubeba mchanganyiko usiojulikana, na rangi ya taa mbili za jozi moja inaweza kutofautiana. Ziombe zimiminwe siku moja, kutoka chungu kimoja. Pili, kalibu ya mchanga huacha vitundu vidogo ndani ya shaba. Vitundu vichache mgongoni havina neno, ila vikijikusanya pale mkono unapoungana na bamba la ukutani, ikatae taa hiyo, maana ndipo uzito wote unapoegemea. Kwa taa ya kusomea kando ya kitanda, ambayo mkono wake utasukumwa na kuvutwa kila usiku, hii naipandisha iwe ya kwanza.

Ya tatu ni taa za kutobolewa nakshi, zinazokuja kutoka Moroko, Misri na India, na ambazo wengi huzinunua kwa mapenzi ya vivuli vyake. Vivuli hivyo ni vya kupendeza kweli, lakini vinahitaji ukuta mtupu kuzunguka taa. Picha na rafu huvivunja vipande. Nyingi hutoa mwanga mdogo usiofaa kusomea, na baadhi zilibuniwa kwa mshumaa kisha zikatiwa holda baadaye, kwa hiyo weka kando fedha ya kumlipa fundi umeme azifunge upya. Balbu za LED nazo hudhoofika zikifungiwa ndani ya kifuniko kisicho na njia ya hewa, kwa hiyo hakikisha kuna upenyo juu na chini.

Taa za meli zilizotumika, zile nzito zenye kioo kinene na kizuizi cha nyavu, nimeziweka nafasi ya nne. Ya kweli hudumu kuliko nyumba, lakini za kuiga zimejaa, na umbo lake linatokeza mno ukutani kwa chumba cha wastani.

Ya mwisho, ambayo siishauri kabisa, ni taa ya kuchovya: chuma au zinki iliyotiwa maji ya shaba kisha kuuzwa kwa jina la shaba. Sumaku huifichua ile ya chuma papo hapo, kwa sababu shaba haivutwi na sumaku. Ile ya zinki sumaku haiigusi, na hapo unarudi tena mgongoni: omba ruhusa ya kukwaruza kidogo kwa ncha ya skrubu mahali pasipoonekana. Shaba huonyesha umanjano ule ule hadi ndani, na zinki hutoa weupe wa kijivu.

Hali ya hewa inapaswa kubadili uamuzi wako kuliko mtindo. Kwa mtu anayeishi Arusha au Nairobi, taa iliyopakwa vanishi inaweza kubaki inang'aa kwa miaka. Kwa aliye Tanga, Mombasa, Unguja au Dar es Salaam karibu na bahari, chumvi ya hewani huingia kwenye mkwaruzo wowote wa vanishi na kuchora mabaka meusi na ya kijani chini yake, ambayo hayafutiki bila kuibandua vanishi yote. Ndiyo sababu nasisitiza shaba tupu kwa nyumba za pwani. Itaingia weusi wa asali polepole, nawe utaamua kuiacha hivyo au kuisugua. Ndimu na chumvi, au ukwaju uliolowekwa, huirudisha katika mng'ao wake kwa dakika chache. La lazima ni kuizima kwanza, kutomwaga maji karibu na holda, kufuta tindikali yote kwa kitambaa chenye maji, kuikausha kabisa, na ukipenda kuipaka nta ya nyuki kidogo.

Upande wa umeme una mambo manne yasiyo na mjadala. Bamba la nyuma liwe na skrubu ya waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, na fundi athibitishe kwamba waya huo upo kweli ndani ya ukuta wako, kwa maana nyumba nyingi za zamani zilifungwa taa kwa nyaya mbili tu. Ikiwa haupo, uongezwe, au uchague taa isiyo ya shaba wala ya metali nyingine yoyote. Holda iwe ya aina ambayo balbu zake zinapatikana mtaani kwako, ama ya pini ya B22 ama ya kuzungusha ya E27. Tundu la waya liwe na mpira. Na kwa bafuni, taa iwe na alama ya kinga dhidi ya maji ya IP44 au zaidi, jambo ambalo taa nyingi za kazi ya mkono hazina, hivyo ziweke vyumba vikavu.

Balbu yenyewe huharibu au huokoa kazi yote ya fundi. Maduka yetu mengi hutoa balbu ya mwanga mweupe wa kelvini 6500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) bila kuuliza, na chini yake shaba hupauka kama mtu aliyeugua. Omba ya mwanga wa manjano, kelvini 2700. Kwenye ujia funga taa kiasi cha sentimita 160 hadi 170 kutoka sakafuni, nayo isitokeze zaidi ya sentimita 10 ili bega la mpita njia lisiikumbe. Kando ya kitanda ishushe. Penye kioo cha kujitazamia weka mbili, kila upande moja, kwa kuwa taa moja iliyo juu huujaza uso vivuli.

Ukiagiza kwa fundi, mwombe akutajie gharama ya shaba kwa kilo na ya siku zake za kazi kila moja peke yake. Fundi mwaminifu hatasita, nawe utajua unapopunguza bei unapunguza nini. Mpe malipo ya awali, na salio ulitoe baada ya taa kuwashwa mbele yako kwa saa nzima. Kisha izimwe, itolewe kwenye umeme, na uiguse: bamba la nyuma liwe la uvuguvugu tu, mkono wa taa usicheze, na ukiigeuza mara ya mwisho usione waya wowote uliobanwa kati ya bamba na mahali ukuta utakapokuwa.