Begi Kubwa Usiku wa Kuunganisha Ndege: Liende Moja kwa Moja, Ulichukue, au Uliweke kwa Watunza Mizigo?

Anayelala njiani akisubiri ndege ya asubuhi ana huduma tatu za kuchagua kwa begi lake kubwa. Anaweza kulikabidhi mwanzo wa safari likaenda hadi mwisho bila kuligusa tena. Anaweza kulichukua kiwanja cha kati, alale nalo, alikabidhi upya asubuhi. Au alichukue kisha alilipie kwenye chumba cha kutunzia mizigo. Tumezipima zote tatu kwa swali moja kuliko mengine: usiku huo begi liko mikononi mwa nani, na likipotea nani anawajibika? Kwa kipimo hicho ya kwanza inashinda kwa mbali, ila ina masharti ambayo wahudumu wengi wa kaunta hawayasemi usipowauliza.

Kwenda moja kwa moja: alama 4 kati ya 5

Wengi huogopa kwamba begi likilala njiani litapotea. Ukweli ni kinyume chake. Begi huachwa zaidi pale muda wa kuunganisha unapokuwa mfupi: ndege ya kwanza imechelewa, begi bado liko ndani ya kontena, ya pili imeshafunga milango. Usiku mzima unaliondoa tatizo hilo. Begi likishushwa huingizwa kwenye mfumo wa mizigo inayoendelea na safari, viwanja vingi hulipitisha tena kwenye eksirei, kisha visomeo husoma msimbopau wa lebo. Sehemu ya kupangia mizigo ya ndege yako hufunguliwa saa chache tu kabla ya kuruka, kwa hiyo begi lililowahi hupelekwa stoo. Viwanja vikubwa vina stoo zinazojiendesha: kila begi liko kwenye trei yake, trei ina namba, na muda ukifika kompyuta inaliita. Viwanja visivyo na mtambo huo huliacha kwenye kontena au toroli, na asubuhi ni mtu ndiye anayepaswa kukumbuka kulirudisha kwenye mkanda. Zamu zikibadilishana alfajiri, begi la namna hiyo ni rahisi kusahaulika. Hiyo ndiyo alama tuliyoikata.

Kabla ya kuondoka kaunta, soma lebo mwenyewe. Zile herufi tatu kubwa ni msimbo wa kiwanja ambako begi litaishia. Zikiwa za kiwanja cha kati, begi litatokea kwenye mkanda huko huko, hata kama mhudumu amekwambia "linafika mpaka mwisho". Angalia pia namba ya ndege ya pili na tarehe yake. Kwa anayelala njiani, tarehe hiyo iwe ya kesho yake. Kisha kuna tarakimu kumi chini ya msimbopau. Ya kwanza inaonyesha aina ya lebo (0 ni ya kawaida, 2 ni ya begi lililoachwa nyuma na sasa linamfuata mwenyewe kwa haraka), tatu zinazofuata ni namba ya shirika, na sita za mwisho ni za begi lenyewe. Mfumo unalijua begi kwa tarakimu hizo, si kwa jina lako. Kipande chenye tarakimu hizo utakachopewa ni karatasi ya gundi isiyofika hata urefu wa kidole, na hudondoka kwa urahisi. Kipige picha hapo hapo kaunta. Lipige picha na begi lenyewe, likiwa na lebo.

Ng'oa lebo za safari zilizopita, pamoja na vile vibandiko vidogo vyenye msimbopau vinavyogandishwa ubavuni mwa begi. Kisomeo kikikuta misimbo miwili inayopingana, begi hutolewa pembeni likasubiri kusomwa na mtu. Mchana hilo hugharimu dakika chache. Usiku, zamu ikiwa na watu wachache, linaweza kukaa hapo muda mrefu. Kamba na mikanda inayoning'inia ikunje au iondoe, maana ndiyo inayonaswa kwenye mitambo na kuchana begi.

Sharti linalosahaulika kuliko yote ni pasi ya kupandia ndege ya pili. Kwa sababu za usalama, begi kwa kawaida haliruhusiwi kusafiri ikiwa mwenyewe hayumo ndegeni, kwa hiyo mfumo hautoi ruhusa ya kulipakia mpaka uwe umesajiliwa kwenye ndege hiyo. Mashirika mengi hufungua usajili wa mtandaoni saa 24 kabla ya kuruka. Ukikabidhi begi saa 30 kabla ya ndege ya pili, unaweza kupewa lebo ya mpaka mwisho lakini pasi ya ndege ya kwanza peke yake. Begi litafika stoo salama, lakini halina ruhusa. Jisajili kwa simu mara tu dirisha linapofunguka, usingoje foleni ya asubuhi.

Jambo jingine ni ndege ya asubuhi kufutwa. Ukihamishiwa ndege nyingine, karatasi ya lebo itaendelea kuonyesha namba ya zamani, na hilo si tatizo. Kinachotakiwa ni taarifa mpya itumwe kwenye mfumo, iunganishe tarakimu zile zile kumi na ndege mpya. Anayekubadilishia tiketi anaweza kumaliza kazi yake bila kuligusa suala la begi. Mpe kipande chako, mwombe asome tarakimu zote, akuambie begi liko chini ya ndege ipi. Akijibu "litakufuata tu", mwombe kwa upole aangalie kwenye skrini.

Ukichagua huduma hii, kubali kwamba begi hulioni hadi mwisho. Kuomba litolewe stoo saa nne za usiku kwa sababu umesahau dawa kunaweza kukuchukua saa kadhaa, na unaweza kukataliwa kabisa. Kwa hiyo mzigo wa mkononi ubebe dawa za siku mbili au tatu, nguo za kubadili, chaja, miwani, na nyaraka zote. Vimiminika viwe kwenye chupa zisizozidi mililita 100, kwa kuwa utapita tena kwenye ukaguzi. Pawabenki haiingii kwenye begi la chini kamwe. Ikae mkononi, na kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100. Zidisha mAh, yaani ujazo ulioandikwa juu yake, kwa volti 3.7 kisha gawanya kwa 1,000: pawabenki ya mAh 20,000 ni wati-saa 74, haina shida. Na wakikuambia mlangoni kwamba ndege imejaa hivyo begi lako la mkononi linashushwa chini, toa pawabenki na dawa kwanza.

Kulichukua na kulikabidhi upya: alama 3

Wakati mwingine huna la kuchagua. Safari ikiwa kwenye tiketi mbili tofauti, mashirika mengi hayaunganishi mizigo hata kama ndege zote mbili ni zao. Ukikaa zaidi ya saa 24 kwenye safari ya kimataifa, hiyo huhesabiwa kuwa kituo cha safari, si kuunganisha tu, na begi kwa kawaida hukabidhiwa kwako. Kuingia Marekani kutoka nje ni kesi ya pekee. Kwa kawaida begi huchukuliwa kwenye kiwanja cha kwanza cha kuingilia, likapita forodha nawe, hata kama lebo inaonyesha mji wa mbele. Ukitoka forodha kuna mkanda wa kulirudisha, lakini kwa ndege ya kesho yake mhudumu anaweza kukataa kulipokea, au usiku sana usimkute mtu. Hapo utalala nalo. Kama umenunua manukato au chupa kubwa dukani kwenye kiwanja, huo ndio wasaa wa kuzitia ndani ya begi kabla ya kulirudisha.

Kama tiketi ni moja na mapumziko hayajafika saa 24, unaweza kuomba lebo iishie kiwanja cha kati. Wapo wanaokubali kwa anayelala njiani, wapo wanaokataa katakata, maana hilo ni hiari ya shirika. Uliza kaunta ya kwanza kabla lebo haijachapwa. Ikishabandikwa na begi likaondoka kwenye mkanda, kulirudisha ni kazi.

Kabla ya kuomba hivyo, jiulize kuhusu viza. Mkanda wa mizigo kwa kawaida uko ng'ambo ya uhamiaji. Asiye na ruhusa ya kuingia nchi hiyo hawezi kulifikia begi lake, na begi litabaki likizunguka mpaka litolewe na kupelekwa ofisi ya mizigo. Hili ndilo kosa baya kuliko yote katika huduma hii, na kulirekebisha usiku ni vigumu sana. Mwenye tiketi mbili tofauti na asiye na viza aulize shirika mapema, kabla hajanunua tiketi ya pili. Akisubiri kufika ndipo aulize, amechelewa.

Ukilichukua, lichunguze pale pale ukiwa kando ya mkanda: magurudumu, mpini, zipu, pembe zote. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, unaoweka wajibu wa mashirika ya ndege katika safari za kimataifa, kulipokea begi bila kulalamika huhesabiwa kuwa dalili kwamba limefika salama. Ukigundua ufa mwisho wa safari, shirika la pili litasema lilivunjwa na la kwanza, la kwanza litasema ulilipokea bila neno.

Kuhusu asubuhi, kaunta nyingi hufunguka saa tatu hivi kabla ya ndege kuruka. Kufika saa nane za usiku hakukusaidii kitu. Utakaa na begi sakafuni. Pima uzito tena ikiwa tiketi ni tofauti: shirika la kwanza linaweza kuruhusu mabegi mawili ya kilo 23, la pili likaruhusu begi moja tu. Na begi lolote lisizidi kilo 32, kwa kuwa mashirika mengi hayalipokei hata ukilipia.

Chumba cha kutunzia mizigo: alama 3, ikiwa kimefunguliwa

Huduma hii inamfaa anayetaka kwenda mjini bila kukokota begi, au ambaye hoteli yake ni ya kulala saa tano tu. Kwa kawaida utatoa pasipoti au kitambulisho, begi litapita eksirei, utalipa kwa ukubwa na muda, na utapewa stakabadhi. Kuna maswali mawili ya kuuliza kabla ya kulipa. Siku wanaihesabu kwa saa 24 tangu kuacha begi, au kwa tarehe ya kalenda? Kwa anayeacha saa tatu usiku na kuchukua saa kumi na moja alfajiri, hesabu ya kalenda inamlipisha siku mbili. La pili, wanafungua saa ngapi? Si vyumba vyote vinavyokesha. Begi likiwa ndani, mlango ukifunguliwa saa kumi na mbili na ndege yako ikiruka saa moja, umekwama. Makabati ya kujihudumia hayana shida ya saa za mhudumu, ila yana vipimo: begi la kilo 23 lililojazwa hadi kutuna huenda lisiingie kwenye kabati la kati.

Udhaifu mkubwa hauonekani kwenye bango la bei. Begi likiwa humo haliko chini ya shirika la ndege, kwa hiyo ulinzi wa Mkataba wa Montreal haulifuati. Unabaki na masharti yaliyochapwa nyuma ya stakabadhi, ambayo mara nyingi huweka kikomo kidogo cha fidia na kukataa vito, fedha taslimu na kompyuta. Yasome. Usiache humo kitu ambacho usingekikabidhi kwa mtu usiyemjua.

Likichelewa au likiharibika

Usitoke eneo la mizigo bila ripoti. Nenda ofisi ya mizigo ya shirika lililokufikisha, toa kipande na pasi, upewe ripoti yenye namba ya kumbukumbu: herufi tano na tarakimu tano, herufi za mwanzo zikiwa msimbo wa kiwanja. Kwa namba hiyo begi hutafutwa kwenye WorldTracer, mfumo unaotumiwa na mashirika mengi. Ripoti peke yake haitoshi kudai fidia. Malalamiko ya maandishi kuhusu uharibifu yafike ndani ya siku 7 tangu kulipokea, na ya kuchelewa ndani ya siku 21 tangu begi lilipowekwa mikononi mwako. Begi lisilofika kwa siku 21 unaweza kulidai kama lililopotea. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo cha fidia chini ya Mkataba wa Montreal ni SDR 1,519, kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Ni kwa abiria mmoja, si kwa kila begi.

Kwenye tiketi moja yenye mashirika kadhaa, unaweza kudai kwa shirika la kwanza, la mwisho, au lile lililokuwa na begi lilipopata madhara. Kwenye tiketi mbili tofauti kila moja ni mkataba wake, na hapo picha ya begi uliyopiga kaunta ya kwanza, na ile uliyopiga kando ya mkanda usiku, ndizo zitakazoonyesha dai lako liende kwa nani.